Skana Huwashwa Kwanza

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2002, maduka ya Butembo, mashariki mwa Kongo, yalifunguliwa kama kawaida, lakini nyumbani kwa Virginie hakuna aliyegusa chai. Binti yake, Tamar, alikuwa kijijini Kalunguta kwa bibi yake wakati watu wenye silaha waliposhambulia. Wakazi walitawanyika, na Tamar hakuonekana tena. Mchana huo wajumbe wa kanisa wangekwenda Mutwanga, walikokimbilia wengi, wakiwa na picha za watoto waliopotea.

Virginie alikuwa na picha moja tu.

"Hii sitoi," alimwambia mumewe. "Ikipotea njiani, nitabaki na nini?"

Mumewe, Kamate, alikuwa na kompyuta, mashine ya kuchapa, na skana mpya, yaani kifaa kinachoingiza picha katika kompyuta. Kila alipojaribu, kompyuta iliandika kwamba hakuna skana.

Virginie akaibeba skana hadi dukani kwa Zorobabel, aliyewauzia. Zorobabel alicheka mbele ya wateja.

"Mama, hii hapana sufuria! Tuma mutu anayesoma."

"Mimi ninasoma! Na wewe uliuza mashini, lakini namna ya kuiwasha ulibaki nayo hapa dukani?"

"Basi niachie, nitaangalia Jumatatu."

"Jumatatu? Mutoto wangu analala inje, unaniambia Jumatatu?"

Alirudi na skana yake, amekasirika. Jirani yake Emérence, anayepiga chapa katika ofisi ya parokia, alimsikia akilalamika njiani, akaingia naye.

"Baba Tamar, washa nione."

Kamate aliwasha jenereta. Kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za Butembo, hakuibebesha mzigo wote kwa pamoja. Aliwasha kompyuta, akangoja jenereta itulie, ndipo akanyoosha mkono kwenye skana.

"Simama hapo!" Emérence alisema. "Skana ya namna hii, kompyuta inaitafuta wakati inaamka tu. Ikikuta imelala, inaiacha."

"Lakini groupe yetu hii ya umeme ni kadogo, itazima!"

"Kwani frigo ndiyo inamutafuta Tamar? Chomoa frigo. Chomoa na redio."

Walichomoa friji na redio, wakazima na kompyuta. Emérence aliinua skana, akaonyesha kifungo kilicho chini yake.

"Hiki kinashika vyombo vya ndani visivunjike safarini. Lazima kifunguliwe."

Akakifungua. Waliunganisha skana na kompyuta kwa waya, vyote viwili vikiwa vimezimwa. Waliwasha skana; taa yake ilipotulia, wakawasha kompyuta.

"Mama Tamar, weka picha. Uso uangalie kioo."

Mwanga ulipita polepole chini ya picha. Kisha uso wa Tamar ukajaa kwenye skrini ya kompyuta.

Kamate alipiga makofi. Virginie hakucheka.

"Ni hii tu? Batu banatuchekelea, na mutoto wangu anapotea, sababu ya maneno mawili balishindwa kutuambia?"

Walichapa nakala, nazo zikaondoka na wajumbe mchana huo. Huko Mutwanga, mama mmoja alipoipokea nakala alimtambua mtoto mara moja. Mtoto wa kwenye picha alikuwa jikoni kwake, akimenya mihogo pamoja na watoto wake. Wiki hiyohiyo Tamar alishuka kwenye pikapu, mbele ya lango la nyumba yao.

Wewe uliyesoma, mweleze jirani mwenye skana kama hii: fungua kifungo, unganisha waya, washa skana, kisha kompyuta. Naye amweleze mwingine, ili asiwepo tena mtu wa kuchekwa kwa jambo ambalo hakufundishwa.