Alimwita Mumewe Fundi

"Na huyu mwenye mabuti ni nani?" mtangazaji aliuliza.

Monika alitazama mlangoni. Mumewe Mwigulu alikuwa amesimama pale, vumbi la machimbo ya Masumbwe limemjaa tangu nywele hadi visigino, anatabasamu. Na ukumbi mzima mjini Shinyanga umevaa nguo za Pasaka! Kipindi cha watoto cha televisheni kinarekodiwa, kila familia inataka ionekane.

"Huyo? Huyo ni... fundi wetu," alisema. "Baba wa mtoto ni huyu."

Akamshika mkono kaka yake George, aliyevaa suti.

Jamani, Monika!

Mwigulu alisikia. Tabasamu likamkauka.

"Wabeja, mama Klara," alimshukuru kwa Kisukuma, polepole. "Fundi atakaa nyuma."

Asubuhi walikuwa wamegombana kwa simu.

"Baba Klara, oga basi! Leo tu!"

"Unajua siwezi. Shimo letu, lile duara, limeanza kutoa dhahabu. Nikioga kabla mawe hayajasagwa, wenzangu watasema nimeosha bahati yao."

"Basi usije."

"Nilimuahidi mtoto."

Mchezo wa kipindi chenyewe ulikuwa rahisi. Mtoto anafungwa kitambaa machoni, anapapasa mikono ya akina baba, anamtaja wa kwake. Klara aliletwa kutoka nyuma ya pazia, hajui lolote.

"Huyu siyo," alisema kwa baba wa kwanza. Wa pili naye siyo. Akafika kwa George.

"Mjomba! Unafanya nini hapa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. George akainamisha kichwa.

"Mama," Klara aliita, kitambaa bado machoni, "baba hajaja?"

Monika hakuwa na pa kuuficha uso. Aligeuka nyuma, akaona kiti kitupu. Simu ikatetemeka mkononi mwake. Ujumbe wa Mwigulu:

"Narudi machimboni. Mwambie Klara fundi anamsalimia."

Alitoka mbio, viatu mkononi. Alimkuta mumewe anapanda bodaboda.

"Baba Klara, nisamehe. Niliona aibu."

"Aibu ya vumbi? Hilo gauni limetoka wapi kama si kwenye vumbi hili?"

"Niliwaogopa watu. Watu nisiowajua hata majina!"

"Na mimi unayenijua?"

Monika akapiga magoti palepale kwenye changarawe, na gauni lake jeupe. Dereva wa bodaboda akatazama pembeni.

"Mtoto anakuuliza," alisema. "Twende. Nitasema mwenyewe."

Mwigulu akashuka kwenye bodaboda.

Ndani, Klara alikuwa amerudishwa chumba cha nyuma, asikosikia. Monika alichukua maikrofoni.

"Nilidanganya. Huyu si fundi. Ni mume wangu, baba yake Klara."

Safari hii hakucheka mtu, na ukimya ule ulimuuma kuliko kicheko. Klara akaletwa tena, kitambaa machoni, akakishika kiganja cha baba yake, akakinusa.

"Baba! Hujaoga!"

"Duara linatoa, mwanangu."

Mtoto akamrukia shingoni hivyohivyo na vumbi lake. Watu wakapiga makofi.

Walipomaliza, mtangazaji aliwafuata.

"Mama, pale ulipomwita fundi, na pale ulipokiri, tutapafuta."

"Paacheni," Monika alisema, macho chini. "Watu wanione nilivyo."

"Pafuteni," Mwigulu alimkatiza. "Klara atakiangalia hiki kipindi. Sitaki amwonee mama yake aibu."

Hapo ndipo Monika alipolia kweli.