Dhahabu Mgongoni mwa Shemeji

"Nani amekufunga bandeji?"

Dada yangu alisimama na kopo la mafuta ya kuzuia jua mkononi. Shemeji, fundi cherehani, ana ualbino, na tangu waoane dada ndiye aliyempaka mgongo kila asubuhi kabla ya kwenda kusuka wateja wake. Asubuhi ile shemeji aligoma kuvua shati. Dada akalivuta, akakuta bandeji nyuma ya bega, imebandikwa kwa ustadi.

"Nilijikwaruza dukani."

"Ukajifunga mwenyewe huko nyuma? Mkono wako umerefuka siku hizi."

Simu ya shemeji ikalia mezani. Dada akaiwahi, akanisomea mimi niliyekuwa mlangoni, kwa utulivu ulionitisha:

"Kesho uje mapema. Usipakwe chochote mgongoni. Tukishaingia nitafunga mlango kwa ndani."

Mtumaji alihifadhiwa kwa jina la Daktari. Dada akasema siku hizi kila mwanamume ana daktari kwenye simu, na wengine wana fundi bomba. Kisha akaniomba nimshushie begi juu ya kabati.

Shemeji akaniangalia kama vile mimi ndiye ninayeondoka.

"Basi naacha," akasema. "Kesho siendi. Inatosha?"

"Unaacha nini?"

Dada akapiga ile namba, akaweka sauti ya nje. Akapokea mwanamke.

"Mimi ni mke wake. Mkishafunga mlango, mnafanya nini?"

Yule mwanamke akasema taratibu, "Mama, hilo akwambie yeye. Ila tafadhali, kesho asikose kuja."

Ndipo shemeji akasema. Ni kansa ya ngozi. Pale hospitali walikuwa wanajaribu tiba mpya: chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona, wanazichoma kwa sindano kwenye uvimbe. Kisha wanaumulika kwa taa maalumu. Chembe zinapata joto, zinaunguza kansa, na ngozi ya pembeni inabaki salama. Mlango hufungwa kwa sababu taa ile inaweza kuharibu macho ya mtu anayeingia bila miwani yake. Alishamulikwa mara moja. Akiishia hapo, uvimbe utakua tena.

"Dhahabu," dada akasema. "Mimi tangu uchumba nasubiri hereni."

Nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

"Huyo daktari wako alijua lini?"

"Tangu vipimo vya kwanza. Nilitaka nikwambie nikishapona."

"Kwa hiyo mmekaa na siri wawili, mimi mgeni. Afadhali ungenificha mwanamke. Mwanamke ningempiga."

Akakaa kitandani, akalia akiwa amelikumbatia lile begi tupu.

Kesho yake tulienda wote. Daktari alikuwa binti mpole, mzuri pia, na dada aliliona hilo kabla sijaliona mimi. Akapewa miwani myeusi, akaruhusiwa kukaa ndani. Nasikia alisogeza kiti mpaka akaambiwa asisogee zaidi. Taa ilipozimwa akatoa agizo lake.

"Majibu yakitoka, nipigie mimi kwanza."

Daktari akasema huo ni uamuzi wa mgonjwa.

"Mpigie yeye," shemeji akajibu, bado amelala kifudifudi.

Siku majibu yalipotoka dada alimaliza kichwa alichokuwa anasuka, akanipitia, tukaenda dukani. Akakaa kwenye benchi la wateja. Shemeji akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Wamesema nini?"

"Maliza mshono kwanza."

"Mke wangu."

"Unaona inavyouma, mwenzako akijua na wewe hujui?"

Akamwacha ashone mpaka mshono ukapinda. Kisha akamwambia kwamba kansa haionekani tena. Shemeji akajifuta machozi kwa suruali ya mteja.

"Na namba ya yule binti, bado unayo?" dada akauliza.

"Kuna kurudi kuangaliwa, mke wangu."

"Haya, nitumie mimi. Halafu uifute kwako."

Akaifuta palepale, dada amemwinamia begani kuhakikisha.

Dada ametangulia mbele ya haki, na shemeji angali anashona. Watu wakimtaja dada wanasema alikuwa na wivu. Ni kweli. Mimi ndivyo ninavyomkumbuka, ameinama pale begani, anahesabu miadi ya mumewe kwa vidole, na baada ya siku ile dada hakukosa kumsindikiza hata mara moja.