Neno Lililomponyoka Rosalie

Kila Jumamosi asubuhi Rosalie Tackett alimsaidia bibi yake kukoroga unga wa mkate wa mahindi, kisha akateremka bondeni hadi ofisi ya wakili Bi. Hensley. Alikuwa mwaka wa kwanza wa sheria mjini Lexington, na wikendi alirudi kwao milimani kujifunza kazi. Ofisi ile ndogo iliwatetea wachimba makaa ya mawe waliougua mapafu kwa vumbi la mgodini.

Bi. Hensley alikuwa amemwambia kwamba nafasi ya kazi wakati wa kiangazi ni yake, akiitaka. Lakini Rosalie alikuwa ameomba pia kwa mawakili wakubwa wa mjini, waliotetea wenye migodi. Huko mshahara ulikuwa mnono. Hakumwambia mtu. Alijua kwamba njia mbili zilimshinda fisi, ila kila mtu hudhani fisi ni mtu mwingine, si yeye.

Siku ya usaili mabwana wawili walimuuliza anafahamu nini kuhusu kesi za mapafu. Kwa hamu ya kuonekana mjuzi, Rosalie akasema wachimbaji wengi huficha kwamba walivuta sigara.

"Hata mwimba besi wa kanisani kwetu," akaongeza, akicheka.

Bwana mmoja hakucheka. Alichukua kalamu akaandika.

Hapo Rosalie akatambua alichosema. Mwimba besi alikuwa mmoja tu, Mzee Harlan Ratliff, jirani yao, mchimbaji aliyetetewa na Bi. Hensley. Jumamosi iliyopita mzee huyo alimweleza Bi. Hensley kwamba aliwahi kuvuta sigara, Rosalie akiwa ameketi pale pale. Na wenye mgodi walikuwa wakitafuta kisingizio hicho hicho, waseme mapafu yake yaliharibiwa na sigara, wamnyime fidia yake.

Kesho yake wale mawakili walimpigia simu kwamba kazi ameipata. Furaha haikuja. Jumapili kanisani, Mzee Ratliff alishindwa kumaliza ubeti kwa kukohoa, kisha akamgeukia Rosalie na kumtania kwamba akishakuwa wakili asimsahau mzee wake. Rosalie aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jumatatu hakurudi chuoni. Alikwenda kwa Bi. Hensley akamweleza yote, hata ile kazi ya mjini.

"Msamaha sina wa kukupa," alisema Bi. Hensley. "Siri haikuwa yangu. Twende kwa mwenyewe."

Walimkuta Mzee Ratliff barazani, mpira wa kupumulia puani. Rosalie akamweleza aliyoyasema kwenye usaili.

"Sigara niliacha mama yako hajaota meno," mzee alisema. "Na Hensley kanishauri tumwambie jaji wenyewe. Tumeshamwambia."

"Kwa hiyo sikukudhuru, babu?"

"Kesi hukuidhuru. Mimi umeniumiza. Nilisema mbele yako kwa sababu nilikuona wangu."

Rosalie akalia. Mzee hakumzuia, wala hakumfukuza.

Jioni ile aliwapigia simu wale mawakili akaikataa kazi. Kisha akamwambia Bi. Hensley kwamba yuko tayari kuanza kwake.

"Hapana, binti," alijibu Bi. Hensley. "Kiangazi hiki hutafanya kazi kwangu. Nenda kaombe kazi kwenye maktaba ya mahakama. Kule utakaa na vitabu, ujifunze kunyamaza. Mwakani njoo, tutazungumza."

Rosalie akainamisha kichwa. Alijua haki imetendeka, ingawa iliuma.

"Kutamani mshahara mzuri si dhambi," Bi. Hensley akaendelea, sasa kwa upole. "Hata mimi nilitamani. Kosa lako ni kujinunulia kiti kwa siri ya mtu. Mtu akikupa siri amekupa amana, na ukiivunja, machozi hayaiungi. Umekiri kabla hujakamatwa, na hapo ndipo pa kuanzia. Yaliyobaki atayapima Mzee Ratliff mwenyewe, siku atakapokuwa na neno zito na wewe umo chumbani, tuone kama atalisema."