Lokandu Inaita

Jumatatu asubuhi Ngandu Florentin alivaa ekuteri zake za kusikilizia sauti masikioni, akazitoa upesi. Zilikuwa zimelowa. Hayakuwa maji. Kilikuwa kitu kizito kidogo, cha uvuguvugu, kana kwamba zimetoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akizimung'unya. Alizinusa. Zilinuka mihogo iliyosahauliwa ndani ya maji siku nyingi mno, mpaka ikafanya povu. Alizifuta kwa kitambaa na spiriti, akaendelea na kazi.

Duka lake liko katika komini ya Mikelenge, mjini Kindu. Ni chumba kimoja cha matofali, mbele ya nyumba anamoishi na mke wake, Kankolongo Odette, na binti yao wa pekee, Ngandu Déborah, mwenye umri wa miaka saba. Babu yake Florentin alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Florentin hakupenda reli. Alipenda kompyuta, simu na michezo yake, na maoni yake juu ya vitu hivyo aliyagawa kwa kila aliyeingia, hata kwa aliyekuja tu kuchaji betri.

Siku ile aliyapokea Didier, jirani wa ng'ambo ya barabara anayeuza vifuniko vya simu.

"Programu inayotaka kubadilishwa kila juma ni mgonjwa," alisema Florentin. "Mzima hanywi dawa kila siku. Na michezo ya sasa imenenepa kama nguruwe! Ile ya zamani ilikuwa inaingia yote kwenye kadi moja, hata intaneti haikuomba. Video nazo? Muntu anasema dakika kumi ili atoe neno moja. Mimi ninakata. Kimya ni takataka. Salamu ni takataka. Kwaheri njo takataka kubwa kuliko zote."

"Na wewe unasema tangu asubuhi," Didier alijibu. "Tukate wapi?"

Florentin alicheka. Kisha akamwonyesha kazi yake mpya, mchezo alioutengeneza mwenyewe. Ulikuwa umekwisha kupita katika simu nyingi za mji, kwa maana aliutuma katika kila kundi alilokuwamo. Mchezo ulianza kwa kumwomba mchezaji jina.

Didier aliandika: Bwana Didi.

"Andika jina la kweli."

"Jina lote linasaidia nani? Miaka kumi niko hapa, hakuna anayejua la kwangu, na bado ninakula. Safi wangu naye anaandika Binti Malkia, na mchezo unamkubali." Safi alikuwa binti yake, rafiki wa Déborah.

Simu ikakoroma, kisha sauti ya mwanamume mzee ikasema: "Kindu, Kindu, hapa ni Lokandu. Unanisikia? À vous."

Didier alitoa ulimi kama aliyeonja kitu kibovu. "Nani anatafuna humo ndani?"

"Hakuna anayetafuna. Ni kaseti ya zamani."

Lakini Florentin naye alikuwa amekusikia kutafuna kule, na alijua kwamba alipoisafisha sauti ile hapakuwa na mtu anayetafuna.

Kaseti alizitoa juu ya dari. Wakati wa vita chumba kile kilikuwa na phonie, redio ya kusemezana kati ya mji na mji, kwa sababu treni ilikuwa imekatika na simu hazikuwapo. Phonie ilikuwa na adabu yake. Aliyemaliza kusema alisema "à vous", yaani zamu ni yako, naye mwenzake akajibu. Mazungumzo yote yalipokwisha, fundi wa phonie alitaja jina lake lote na mji wake, akasema "terminé", yaani tumefunga. Watu walipoitwa mara nyingi hawakuwapo, kwa hiyo fundi aliyarekodi maneno, wenyewe wakaja kuyasikiliza baadaye. Florentin alikuta kaseti kumi na moja ndani ya mfuko wa unga. Aliziingiza katika kompyuta, akazipa programu inayojifunza sauti za watu ili sauti zile ziweze kumjibu mtoto anayecheza. Vimya alivikata. Na mwisho wa kila kaseti, mahali paliposemwa jina na "terminé", alipakata pia, kwa sababu palimchosha.

Jumanne kompyuta ilimwonyesha kwamba sauti ya Lokandu, aliyoifupisha kuwa dakika mbili, sasa ilikuwa na dakika tisa. Alisikiliza sehemu iliyoongezeka. Hapakuwa na neno. Palikuwa na mdomo uliojaa, ukitafuna polepole, ukimeza, ukilamba meno, halafu ukingoja. Alifuta. Baada ya chakula cha mchana zilikuwa dakika kumi na nne, na katika matundu madogo ya spika kulikuwa na ute wa rangi ya kahawia, uliovutika kama bamia alipougusa kwa kijiti, wala haukukatika.

Jumatano Déborah alirudi kutoka shuleni, akachukua simu ya baba yake, akakaa kizingitini kucheza. Odette alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, uani. Alisikia mzee akizungumza mlangoni. Alidhani ni mteja.

"Mukaribishe muzee ndani, Déborah!"

"Ninakusikia vizuri," mzee alijibu. "À vous."

Odette aliacha mtwangio. Mlangoni hapakuwa na mzee. Palikuwa na mtoto peke yake, simu magotini, ametazama mbele, na sauti ile nzito yenye makohozi ilitoka katika koo lake jembamba.

"Mama," alisema Déborah kwa sauti yake mwenyewe, kwa shida. "Kuna unywele mdomoni."

Odette alimfungua kinywa. Harufu ya mihogo iliyooza ilimpiga usoni hata akageuka kutapika, akatapika kweli, akajifuta, akarudi. Nyuma ya ulimi aliona ncha nyembamba ya rangi ya kahawia, yenye kung'aa. Aliishika kwa vidole viwili akavuta. Haukuwa unywele bali utepe wa kaseti, nao ulikuja, umelowa, una joto la tumbo, umefunikwa na ute mzito wenye chembe za chakula kisicholiwa nyumbani mwao, na kila alipofikiri kwamba umefika mwisho uliendelea kuja, mkono baada ya mkono, ukimwangukia mapajani na kujikunja wenyewe kama minyoo iliyotupwa juani, hata alipopiga ukelele na Florentin akaja mbio kilikuwa kimejaa kikapu kizima cha sombe.

"Usivute tena!" alisema Florentin. "Ngoja. Déborah, unaitwa nani?"

Mtoto alimtazama. Midomo ilitafuta neno, haikulipata.

"Na huyu ni nani?" Alimwonyesha Odette.

Mtoto alianza kulia bila sauti. Walielewa wote wawili: kila kipande kilichotoka kilitoka na neno. Na utepe sasa ulikuwa ukitoka bila kuvutwa.

Florentin alizima simu. Sauti ya Lokandu haikuzimika. Alitoa betri. Ndani ya duka kompyuta, iliyokuwa imezimwa, ilicheua.

Mtu pekee aliyejua kaseti zile ni yule aliyezirekodi, Numbi Tharcisse, mzee wa miaka sabini na minane anayeishi ng'ambo ya mto, Alunguli. Florentin alivuka Lualaba akamleta kabla ya saa kumi. Mzee alivaa shati safi lililofungwa hadi shingoni. Katika sikio lake la kushoto palikuwa na pamba ya manjano, na chini ya pamba usaha ulikuwa umechora njia shavuni. Watu wa mji walizoea kumwona hivyo. Hakuna aliyekumbuka tangu lini.

Hakugusa simu. Alimtazama mtoto, akatazama kikapu, akaziba pua kwa kitambaa chake.

"Terminé ziko wapi?" aliuliza.

"Nilizikata, muzee."

"Zote?"

"Zilikuwa sekunde tatu tatu tu. Hazikuwa na faida."

"Hazikuwa na faida," alirudia Numbi, taratibu, kama mwalimu anayesoma kosa la mwanafunzi. "Shika basi faida yake."

Alikaa. Alisema kwa sauti ya chini sana, na Odette alilazimika kuinama karibu na lile sikio lenye usaha ili asikie.

"Mwaka 2002 mji ulizingirwa. Fundi mwenzangu wa Lokandu alikuwa Mukendi Gérard. Tulisemezana kila siku saa nne. Siku moja mtu aliyevuka usiku alituambia Gérard ameuawa, na phonie yake imetupwa mtoni. Kesho yake, saa nne, Lokandu iliita. Sauti ilikuwa ya Gérard. Niliuliza: jina lote? Haikulitaja. Iliniuliza: nani yuko karibu yako, nipe jina lake. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa humu na mtoto mgongoni. Mimi nilinyamaza. Yeye, kwa hamu ya habari za nyumbani, alitaja jina la mtoto." Alifuta shavu. "Mtoto yule alitoa kitu kama hiki. Kilipokwisha, hakusema tena, wala hakumeza tena. Tulimzika Jumapili."

"Na wewe ulifanyaje?" Odette alinong'ona.

"Jini lile halina jina. Kisicho na jina hakiwezi kufunga mazungumzo, na kisichofungwa kinangoja zamu yake daima. Basi mtu lazima afunge kwa jina lake mwenyewe, lote, bila kupunguza. Nilifunga kwa langu. Likakaa na langu." Aligusa pamba. "Linasema humu tangu siku ile. Jumatatu asubuhi lilinyamaza. Nilijua kuna mtu amelifungulia."

"Funga tena, baba. Tafadhali," Odette alimsihi.

"Jina la mtu ni moja. Langu limekwisha kutumika."

Utepe ulikuwa umefika kwenye vidole vya miguu ya Florentin. Déborah hakulia tena. Alikuwa akisahau namna ya kulia. Kifua kilipanda na kushuka, macho yalimtoka, na shingoni mwake kitu kilionekana kikipita chini ya ngozi, kikipanda, mviringo mmoja baada ya mwingine, kama gurudumu la kaseti linalozunguka.

Mzee alimfundisha Florentin kwa maneno machache. Naye alipiga magoti juu ya ule uchafu. Aliweka kinywa chake karibu na kinywa cha binti yake, ndani kabisa ya ile harufu, mpaka ute ukamgusa midomo.

"Kindu," ilisema sauti, kwa furaha, ikitafuna. "Ninakusikia vizuri. Nani yuko karibu yako? À vous."

Alitaka kusema upesi. Mzee aliinua kidole: jina lote.

"Ngandu," alisema. "Ngandu Kabeya Florentin. Kindu. Terminé."

Utepe ulikatika kwa mlio mdogo wa jino. Kilichobaki kilirudi nyuma ndani ya koo, mtoto akameza mara tatu, akakohoa.

"Mama Odette," alisema, kwa sauti yake nyembamba. "Mdomo wangu unanuka."

Odette alimkumbatia, akacheka huku akilia, akamwosha uso kwa maji ya sombe kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu. Numbi Tharcisse alichomoa pamba sikioni. Ilitoka kavu. Aliitazama muda mrefu, akaitia mfukoni, akachomoa nyingine safi, akampa Florentin. Florentin aliitia katika sikio la kushoto. Kitu cha uvuguvugu kilikuwa kimeanza kumtiririka upande wa kushoto wa shingo, na ndani ya sikio mtu alikuwa akilamba meno yake.

"Mchezo huo," aliuliza mzee, "uko kwenye simu ngapi?"

Florentin alianza kuhesabu makundi kwa vidole, akaacha. Hakujua hesabu.

Ndipo Didier aliposimama mlangoni, amembeba Safi mikononi. Alijaribu kutabasamu, kama mtu anayeleta kichekesho ambacho hajakielewa. Katika pembe ya mdomo wa mtoto kulikuwa na uzi wa kahawia unaong'aa.

"Florentin, kuya uone. Huyu anasema sauti ya muzee. Mara ya kwanza nilicheka. Sasa nimemuuliza mimi ni nani, hajui." Aliwatazama mmoja mmoja, akaona kikapu, akaona magoti ya Florentin. Tabasamu lilianguka. "Nifanye nini?"

Mzee alimvutia kiti, akaziba pua kwa kitambaa, akamwuliza kwa upole:

"Kwanza, ndugu yangu, unaitwa nani? Jina lote."