Magoti ya Kisakye

Mwili ulikuwa umelala kifudifudi ndani ya mtaro, nyuma ya karakana ya kuchomea vyuma katika mtaa wa Hai Mauna. Mchomeaji aliyepita Jumapili asubuhi kuchukua betri yake ndiye aliyeuona.

Inspekta Florence Yangi alishuka mtaroni mwenyewe. Msichana wa miaka ishirini na kitu. Blauzi nyeupe, sketi mpya ya buluu iliyokoza. Utosini jeraha moja tu. Simu haikuwepo, wala pochi.

"Anaitwa Kisakye, Mganda," alisema Sajenti Mabior. "Alikuja kujitolea kwenye lile shirika linalotia dawa ya kipindupindu kwenye malori ya maji kule mtoni. Jana ilikuwa siku yake ya mapumziko, akatoka kuuona mji. Lakini usijisumbue, madam. Aliyemuua tunaye."

"Nani?"

"Mtu wa boda. Amekutwa na kikapu chake."

Mtu huyo alikuwa Lubega, naye Mganda. Watu wa mtaa walikuwa wamempiga hadi jicho moja likafumba, na pikipiki yake ilikuwa imekwisha kumwagiwa petroli polisi walipofika. Mabior aliliona hilo kama ushahidi. Watu wote wale, alisema, hawawezi kukosea.

Daktari alipomaliza uchunguzi alieleza kwa ufupi. Pigo lilikuwa moja, la chuma kizito, na lilitoka juu. Marehemu alikuwa chini ya aliyempiga. Mikono yake haikuwa na hata mchubuko.

Florence aliitandaza ile sketi mezani. Mbele, mahali pa magoti, palikuwa na madoa mawili ya duara. Rangi ya buluu ilikuwa imeliwa, kitambaa kimebaki cheupe kama maziwa. Akainama akanusa. Ilikuwa harufu ya klorini, dawa ileile ya maji.

"Majambazi walimpigisha magoti," alisema Mabior. "Na dawa ni ya kazini kwake."

Florence alikwenda mahabusu.

Lubega alikuwa ameketi sakafuni. Alisimulia kwa sauti ya chini kwamba alimchukua yule dada asubuhi, akamzungusha mtaa wa Hai Jalaba kwenye maduka ya nguo. Hapo alinunua sketi, akaivaa palepale, ile ya zamani akaitia kikapuni. Wakanywa chai. Akataka kuona na Mauna. Walipofika kwenye kona moja akamgusa bega asimame.

"Alisema nini?" Florence aliuliza.

"Alisema, 'Ningoje kidogo, nimeona mtu wa kusalimia.' Akaniachia kikapu, akakata kona, sikumwona tena. Nimengoja mpaka giza, afande."

"Mbona hukuja polisi?"

Lubega alimtazama kwa lile jicho moja. "Mgeni kama mimi, nikuje polisi niseme nimepoteza mwanamke? Afande, mimi iko na bibi na mtoto. Kama nimeua mtu, naweza kulala na kikapu yake nyumbani?"

Florence alikifungua kikapu. Sketi ya zamani ilikuwamo, imekunjwa vizuri. Basi ile ya buluu haikuwahi kufika kazini. Madoa yale yalipatikana jana, siku ambayo Kisakye hakuwa kazini.

Alirudi ofisini na hasira imeanza kumpanda.

"Mabior, mtu anayelazimishwa kupiga magoti hukinga kichwa. Huyu hakuinua mkono. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi huko Uganda. Binti wa Kiganda akikutana na mzee anayemheshimu, hupiga magoti amsalimie, na macho huyaangusha chini. Hakuona chuma kikija."

Mabior aliitazama tena ile sketi.

"Hakuuawa na jambazi. Aliuawa na mtu aliyekuwa akimsalimia."

Lubega aliwapeleka kwenye ile kona. Hatua chache mbele palikuwa na chumba cha mabati chenye kufuli kubwa, na harufu ya klorini ilitoka chini ya mlango. Mama mwenye chumba, Akech, alisema amempangisha mzee mmoja mpole, mwenye nywele nyeupe, anayekuja na gari dogo la mizigo. Jana alikuja, akaondoka na gari usiku. Jina hakulijua. Yeye humwita mzee wa ndoo.

Shirika lilikuwa na mzee mmoja tu wa namna hiyo: Jacob Lako, mtunza ghala. Walimkuta kwenye maombi ya kumwombea Kisakye, amekaa mstari wa mbele, kitambaa usoni. Ndiye aliyekuwa akichangisha nauli ya kuusafirisha mwili hadi Entebbe.

"Una chumba Mauna, mzee?"

"Sina, binti yangu."

"Naomba funguo zako."

Ufunguo wa tatu ulilifungua kufuli. Ndani palikuwa na ndoo za shirika. Baadhi zilikuwa na dawa. Nyingine zilikuwa zimejazwa chokaa na kufungwa tena vizuri, tayari kurudishwa ghalani. Sakafuni ulitapakaa unga mweupe, na kwenye unga ule, karibu na mlango, zilibaki alama mbili za magoti. Mtaimbo uliegemea ukuta. Ncha yake ilikuwa na damu.

Kituoni Lako aliomba maji. Florence akamletea bilauri, Mabior akakaa kando kuandika maelezo.

"Kunywa. Haya sijui kama yametiwa dawa au chokaa."

Mzee hakunywa.

"Dawa ulimuuzia nani?"

"Wafua nguo. Na yeyote aliyetaka." Akapangusa uso. "Kila mtu anakula katika mji huu, binti yangu. Mimi nimekaa uhamishoni nusu ya maisha yangu. Nilirudi, nikakuta wenzangu wamejenga."

"Na watoto wanaokunywa maji ya chokaa, wanaoharisha hadi kufa, walikukosea nini?"

Lako aliisogeza bilauri kando.

"Na Lubega? Ulijua yuko ndani kwa ajili yako."

"Nilimwombea."

"Ulimwombea!" Florence alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Kisakye aliona nini? Alikutishia?"

Lako alitikisa kichwa. Sasa alikuwa akilia kweli.

"Hakuona kitu. Alidhani ni ghala letu jingine. Alikuja mlangoni akicheka, akapiga magoti, akanisalimia. Mimi nilikuwa nimeshika mtaimbo, nafungua ndoo. Niliogopa tu kwamba siku moja angeelewa."

"Hakusema neno?"

"Alisema..." Akapangusa macho kwa kile kitambaa. "Alisema, 'Mzee, nikusaidie kubeba?'"

Kalamu ya Mabior ilisimama.

"Andika," Florence alimwambia. "Andika hivyohivyo alivyosema yule binti. Hakimu asomewe neno kwa neno."

Mabior aliandika. Kisha, bila kuagizwa, akachukua ufunguo wa mahabusu ukutani, akaenda kumfungulia Lubega.