Kipimo cha Paja la Amna

Shoga yangu Amna wa mtaa wa Rashidiya si mtu wa kuzua, na hili aliniapia.

Mwaka 2008 Mawadda, binti wa ami yake, alikuwa akifanya kazi kliniki moja ambako roboti ilifunzwa kukata mifupa ya wanaobadilishwa nyonga. Kwanza ilibidi ipime mapaja ya wazima.

"Njoo ulale kidogo tu," Mawadda alimbembeleza. "Mimi nishapimwa."

Amna alisita. Kwetu anayepimwa kalala ni maiti, apate kuchimbiwa kaburi. Lakini damu yako utaikataliaje?

Akalala. Mawadda akazima taa, eti mashine haitaki mwanga. Gizani mkono wa chuma ukaanza kugonga meza chini ya paja lake, ko, ko, ko, kutoka gotini, taratibu, mpaka nyongani. Hapo ukanyamaza.

"Khalas, imekwisha," alisema Mawadda, akamkumbatia kwa nguvu huku analia. Amna alidhani ni shukrani.

Kesho yake alasiri, Amna kajinyoosha kitandani kwake, akasikia ko, ko, ko ndani ya godoro. Sauti ilianzia gotini. Ilipofika nyongani haikunyamaza, ikapanda mpaka mbavuni.

Simu ikalia. Alikuwa Mawadda, anazungumza kwa sauti ya chini.

"Nisamehe, mwenzangu. Kwangu haigongi tena tangu jana, na ilikuwa imeshafika shingoni. Wewe imekufika wapi?"