Beseni la Jumamosi

Kila Jumamosi, Kavuo alipomaliza kufagia ua wao huko Rughenda, alimshikia mama yake, Joyeuse, beseni. Mama Joyeuse alikunywa dawa ya kutapisha sumu, akatapika hadi machozi yakamtoka, kisha akasema amepata nafuu. Nafuu gani! Uvimbe kwenye titi lake ulikuwa palepale. Kavuo alichoka kabisa.

Ukoo mzima ulikuwa na hakika. Nyanya, ambaye Kavuo alimwita Koko, alikufa kwa ugonjwa wa titi kule Eringeti, mama mkubwa Kahongya akamfuata. Basi ikasemwa kwamba jirani fulani aliwatilia wote watatu sumu kwenye pombe ya ndizi, siku ya arusi moja. Jirani huyo hawakumpa hata salamu.

"Mama, twende hospitali," Kavuo alisema tena.

"Hii hapana ugonjwa wa hospitali. Lete chupa."

Kavuo aliichukua chupa, akaimwaga dawa yote chini.

"We mutoto! Umefanya nini?"

"Koko alitapika. Mama mukubwa alitapika. Bote bawili balikufa! Na wewe nikushikie beseni mpaka lini?"

Mama aliinua mkono ampige. Hakumpiga. Aliketi chini, akalia kwa sauti, na Jumatatu wakapanda pikipiki hadi hospitali.

Ilikuwa saratani, lakini uvimbe ulikuwa bado mdogo. Daktari Élysée aliukata kabla haujaenea. Siku ya kurudi nyumbani, Kavuo alimuuliza jambo lililokuwa likimkera.

"Docteur, kama si sumu, juu ya nini ni sisi tu tunagonjwa?"

"Kila siku mwili unaharibika kidogo kidogo ndani, na wenyewe unajitengeneza. Lakini kuna watu wanazaliwa na uwezo mudogo wa kujitengeneza, na pale pameharibika panaota saratani. Wanaurithi kwa mama ao kwa baba. Naona labda ni hivyo kwenu."

"Basi na mimi nitagonjwa?"

"Si lazima. Ukiwa mukubwa, tutakupima mapema, kila mwaka. Ugonjwa tukiukuta mudogo, tunauweza."

Mama Joyeuse aliomba simu, akampigia mdogo wake aliyeishi Beni.

"Kaswera, kesho uende hospitali bakupime matiti. Hapana, usiniambie mambo ya sumu! Mama na yaya Kahongya hapana mutu aliwaua. Tulikuwa tunatafuta adui, ugonjwa unakomaa. Mutoto wangu ndiye alinifungua macho. Uende kesho, unasikia? Kesho!"